Mikono ya mama haitoshi

Juma lililopita msomaji mmoja wa Ruashi, hapa Lubumbashi, aliniandikia: "Mama, weye uko na motokari na kiti ya mutoto. Siye tuko na taxi, basi na moto (pikipiki). Utatuambia nini?" Ujumbe ule ulinichoma kidogo. Kabla ya gari tulilo nalo leo, nami nilisimama kandokando ya barabara kule Katuba, mtoto mgongoni, kama kila mtu. Lakini ameuliza vizuri, mtoto alindwe vipi njiani bila gari la nyumbani, na nitamjibu. Kwanza mniruhusu nijisifu.

Jumapili tulikuwa tunarudi kutoka Likasi. Lori mbele yetu likasimama ghafla bila taa, mume wangu akakanyaga breki kwa nguvu zote. Bidoni ya mafuta ya mawese ikaruka kutoka nyuma na kupasukia kwenye mlango. Mkoba wangu ukaishia chini ya miguu ya shofa wangu huyo. Na binti yetu? Amekaa kwenye kiti chake, uso umeelekea nyuma, mikanda imembana, analilia biskuti iliyodondoka. Basi. Hatukugonga kitu, lakini nilitetemeka mpaka tulipofika mjini.

Piga hesabu. Gari la kilometa 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 anavuta mikononi mwako kama kilo 200. Hiyo ni mifuko minne ya saruji inayorushwa kwa mpigo mmoja. Kuna mama wa kuishika? Kuna baba?

Lakini kiti hicho kimenitia aibu mbele za watu. Kwenye harusi moja Kampemba, shemeji yangu alisimama mbele ya gari akasema kwa sauti: "Munafunga mutoto sawa mbuzi ya soko!" Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, huyo huyo ambaye sasa anawahadithia wenzake kazini habari za breki za Likasi kana kwamba kiti alikinunua yeye. Nilikinunua mimi, kwa pesa ya biashara yangu, kwa muuzaji wa vitu vya mitumba kutoka Ulaya. Nilikipindua mbele yake. Nilitafuta karatasi ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na namba 44/04, alama ya kiti kilichopimwa usalama (vipya zaidi vina 129). Nilipitisha kidole kwenye plastiki kutafuta ufa, nikavuta mikanda, nikafunga na kufungua kifungo mpaka muuzaji akachoka. Kiti kilichowahi kupata ajali hakifai, na muuzaji ataapa kwa mama yake kwamba hakijapata, kwa hiyo macho yako ndiyo yafanye kazi.

Mtoto mdogo atazame nyuma, angalau mpaka miezi 15, na zaidi kama kiti kinaruhusu, kwa sababu kichwa chake ni kizito na shingo bado ni laini. Usimweke hivyo kwenye kiti cha mbele chenye erbagi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Mkanda wa begani ukiweza kuukunja kati ya vidole viwili, umelegea. Na kwa sisi wa Lubumbashi wenye magari ya Japani, volani (usukani) kulia, na tunapita kulia mwa barabara: upande wa kando ya barabara ni nyuma ya dereva. Mtoto akae hapo, ashukie huko, si upande wa magari yanayopita.

Sasa taksi. Shofa atakuambia: "Mama, ile kiti inakamata nafasi ya mutu." Jibu: nalipa mbili. Najua inauma, nyuma wanapanga wanne. Halafu ingiza mkono chini ya husi (kitambaa) ya kiti, kwenye ule ufa wenye mchanga na maganda ya karanga, kwa sababu kifungo cha mkanda mara nyingi kimezikwa humo. Mimi nimekitoa huko kikiwa kimejaa vumbi, nikakipuliza, kikashika vizuri. Ukiuvuta mkanda ghafla, ugome. Usipogoma, shuka utafute taksi nyingine.

Huna kiti cha mtoto? Kaa nyuma, mkanda ukufunge wewe peke yako, mtoto umshike nje ya mkanda. Sikuambii kwamba yuko salama hivyo. Lakini ukimfunga pamoja nawe, uzito wako ndio utakaomponda. Kwenye basi dogo, kimbia kile kiti cha kukunja karibu na mlango, na usikubali mtoto akae mbele juu ya injini. Moto: hakuna kiti cha mtoto wa mgongoni, na kitenge hakizuii kugongwa. Kumkalisha juu ya tangi mbele ya dereva ni vibaya kuliko vyote. Mimi natembea kwa miguu, au nangoja taksi.

Wazazi wenzangu, tunapata pesa ya pagne (kitenge) ya kila harusi, na fundi, na viatu vya kufanana. Pesa ya mkanda haipatikani? Mnaapa kwamba mnawapenda, kisha mnawasimamisha katikati ya viti wachungulie kioo cha mbele. Hata mkubwa wangu, wa darasa la pili, alikuwa anaupitisha mkanda nyuma ya mgongo kwa sababu unamkata shingo. Nikampa kiti cha kumwinua. Sasa wa chini unalala kwenye nyonga, wa juu katikati ya bega. Atakikalia mpaka akaribie mita moja na nusu, anune asinune.

Shemeji amepata mtoto mwezi huu. Binti yangu akishazidi kilo zilizoandikwa kwenye kiti chake, kitabaki bila mtu na bado ni kizima. Mama mkwe amekwisha kunidokezea. Nimemwambia kipo, lakini aje kukiomba mwenyewe, kwa mdomo ule ule.