Sheikh, kusoma kila siku kuhusu ugonjwa wangu si ndio kutafuta elimu?

SWALI: Asalam aleikum sheikh. Mi kijana wa hapa Moshi nauza mitumba soko la Memorial. Daktari kaniambia nina OCD, yani ule wasiwasi wa kurudia rudia, udhu naweza kuchukua hata mara saba. Tangu aniambie kila usiku niko Google na YouTube mpaka saa nane, mara naona daktari kakosea labda ni skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti, nasoma natulia kidogo alafu naanza upya. Wife anasema niache, mi namwambia kutafuta elimu ni faradhi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Mkeo yuko sahihi, mwambie nimesema mimi.

Elimu ni faradhi kweli, lakini mtu akishaelimika anaenda kuifanyia kazi, we unasoma kitu kile kile usiku kucha. Hebu jiangalie: udhu unarudia kwa sababu moyo haujaridhika, ukirudia unatulia dakika tano, shaka hiyooo imerudi, na kwenye simu ni vivyo hivyo. Ugonjwa ni ule ule, umetoka bombani umehamia kwenye bando. Hata madaktari wanasema mwenye OCD kutafuta uhakika kila saa ni sehemu ya maradhi yenyewe, kila ukiyapa yanadai zaidi.

Mtume swalallahu alayhi wasallam alieleza shetani anavyomjia mtu, nani kaumba hiki, nani kaumba kile, mpaka amuulize nani kamuumba Mola wako, akasema ukifika hapo jikinge kwa Allah na uache. Kasema UACHE, hakusema katafute jibu. Na mwanachuoni wa zamani Ibn Hajar al-Haytami alipoulizwa dawa ya wasiwasi alijibu ni kuupuuza kabisa.

Sasa swali likikujia usiku liandike kwenye daftari, simu iwe kwa mkeo, siku ya kliniki umpe daktari. Suratun Nahl aya ya 43 inasema tuwaulize wenye kujua, na hapa mjuzi ni huyo aliyekupima, sio jamaa wa YouTube anayekuomba usubskraibu (nao wamekuwa wengi jamani). Vidonge kama amekupa usiviache. Udhu chukua mara moja utoke, moyo ukikataa toka hivyo hivyo, swala yako inasihi.

Alafu mwanangu, hili swali umenitumia mara tatu wiki hii kwa maneno tofauti, na juzi baada ya isha ukanifuata mpaka kwenye bodaboda. Nimeshakujibu. La nne likija sitajibu, na sio kwamba nimekukasirikia, ukiona nimenyamaza we nenda kalale.