Ujumuishi Kazini: Anza na Makaratasi, Semina Itafuata

Juzi niliweka hapa picha ya kijana wa kiwanda chetu cha soda akiwa ameshika barua ya kupandishwa cheo kuwa msimamizi wa zamu. Kijana huyo ni kiziwi. Aliingia kama kibarua wa kupanga makreti, akajifunza mashine ya kujaza chupa hadi mafundi wakawa wanamwita yeye kwanza inapogoma, na leo watu kumi na wanane wako chini yake. Sijawahi kupata pongezi nyingi kama nilizopata kwa picha ile, na nasema bila aibu kwamba najivunia. Lakini ujumbe uliobaki kichwani ni wa mdogo wangu mmoja, afisa rasilimali watu wa kampuni kubwa huko Mwanza. Ameandika: "Shikamoo dada. Mkurugenzi anataka mpango wa utofauti, usawa na ujumuishi mezani kwake kabla mwezi haujaisha. Mtoa mada wa semina nimeshampata, fulana ziko kwa mchapaji. Nini kimebaki?"

Marahaba mdogo wangu. Kimebaki karibu chote. Naomba unisome mpaka mwisho, maana najua unataka kufika mbali kwenye fani hii kama nilivyotaka mimi, na sitaki upoteze miaka kwenye fulana.

Mimi natembea kwa gongo. Polio ilinikamata mguu wa kushoto kabla sijaanza shule. Nilipomaliza Mzumbe niliitwa kwenye usaili wa kampuni moja kubwa hapa Dar es Salaam, nafasi ya karani wa kumbukumbu za wafanyakazi. Usaili ulikuwa ghorofa ya nne na lifti ilikuwa mbovu, nikapanda ngazi. Nafika juu blauzi imeniganda mgongoni, na kabla sijakaa sawasawa mwenyekiti wa jopo akaniuliza, "Binti, kazi hii ina mizunguko, utaimudu?" Rafiki yangu tuliyesoma naye darasa moja alikuwa ametangulia kuingia. Yeye walimuuliza jinsi ya kufungua jalada la mwajiriwa mpya, jinsi ya kukokotoa likizo, nani anaruhusiwa kuona taarifa za mishahara. Maswali yale yote nilikuwa nayajua vizuri kuliko yeye, naye mwenyewe alikiri. Mimi niliulizwa mguu. Mama mmoja wa jopo, kwa huruma kabisa, akataka kujua nyumbani naishi na nani na nani ananisaidia kufua.

Kazi sikupata, na barua ya kunijulisha haikuja. Tangu hapo nimeongoza majopo mengi, nimekaa kiti kile kile cha mwenyekiti, na swali la mama yule bado linanichoma.

Ila nilipoingia mwenyewe kwenye fani nikaona jambo ambalo ndilo ninalotaka ulibebe. Wale watu hawakuwa wamekaa kikao wakakubaliana kutukataa watu wenye ulemavu. Hawakuhitaji. Tangazo la kazi lilikuwa limeshawafanyia: "awe mkakamavu na mwenye afya njema", "umri usizidi miaka 28", "awe na leseni ya udereva". Leseni, kwa karani anayekaa na majalada kutwa nzima! Nani aliiweka? Hakuna anayejua. Tangazo lilinakiliwa kutoka la zamani, nalo lilinakiliwa kutoka la zamani zaidi. Katika duka la watu watano mbaguzi unamjua kwa sura. Katika kampuni ya watu elfu moja ubaguzi unakaa kwenye fomu, kwenye ratiba ya zamu, kwenye skeli ya mishahara, na kila mtu anautekeleza akiamini anafuata utaratibu. Semina haigusi fomu. Watu watapiga makofi, watakula, watapiga picha, na Jumatatu tangazo lile lile litabandikwa.

Sheria zenyewe Tanzania tunazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri, UKIMWI na mengine, na inamtaka mwajiri awe na mpango wa kuondoa ubaguzi uliosajiliwa kwa Kamishna wa Kazi. Huo mpango unaoombwa na mkurugenzi wako, mdogo wangu, sheria iliutaka zamani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kampuni ya watu elfu moja ni watu thelathini. Nilipokabidhiwa ofisi ya rasilimali watu hapa nilipo tulikuwa na wanne, nami nikiwa mmoja wao.

Nilichofanya kwanza ni kukusanya matangazo yote ya kazi ya miaka ya karibuni, nikayapeleka kwa wakuu wa idara mmoja mmoja, na kwa kila sharti nikauliza: mtu asipokuwa na hiki, ni kazi ipi itakwama? Swali hilo tu. Leseni zikaondoka kwa makarani. Ukakamavu ukaondoka kila mahali, maana hakuna aliyeweza kunieleza unapimwaje. Umri ukaondoka kwa shida, kulikuwa na mzee mmoja wa idara ya masoko aliyeamini mtu wa miaka arobaini hawezi kuuza soda.

Sharti lililotutoa jasho lilikuwa la kusikia. Meneja uzalishaji alisimama imara: waendesha mashine lazima wasikie, kwa sababu foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, inapiga honi na mkanda wa chupa una king'ora. Hoja ya usalama haidharauliwi, na sikumdharau. Nilimwomba tushuke pamoja kwenye ukumbi wa kujaza. Tukasimama pembeni ya mkanda. Chupa zinagongana, mvuke unapuliza, mashine ya kufunga vizibo inagonga bila kupumzika. Wafanyakazi wote wamevaa vizibo vya masikio, kama usalama mahali pa kazi unavyotaka. Foklifti ikaja nyuma yetu ikapiga honi, na hakuna hata mmoja aliyegeuka, akiwemo meneja mwenyewe. Kilichowafanya watu wasogee ni dereva kutoa mkono na kupunga. Nikamwambia, kaka, humu ndani viziwi ni wote.

Alinyamaza kwa siku kadhaa, kisha yeye mwenyewe ndiye aliyeleta ombi la taa za kuwakawaka kwenye foklifti zote na kwenye vituo vya mkanda, na kioo cha mviringo kwenye ile kona ya kuingia ghala. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya tamasha letu la michezo la mwaka ule. Wanaosikia ndio walioshukuru zaidi.

Baada ya hapo tukaenda kuwatafuta watu waliko. Tangazo la Kiingereza gazetini halimfikii fundi kiziwi wa Temeke. Tulikwenda CHAVITA, chama cha viziwi, tukaenda Chuo cha Yombo ambako watu wenye ulemavu hufundishwa ufundi, tukazungumza na chama cha watu wenye ualbino. Tulimlipa mkalimani wa lugha ya alama kwenye usaili na kwenye wiki ya kwanza ya kazi, na tukaweka kwenye utaratibu wa nidhamu kwamba mfanyakazi kiziwi hahojiwi bila mkalimani. Hilo la mwisho usiliache. Mtu anayeweza kufukuzwa kwa kikao asichokielewa hajaajiriwa, ameazimwa.

Hapo ndipo wengi huishia, wakapiga picha na kuhesabu asilimia. Mdogo wangu, kuajiri ni mlango tu. Vijana wetu wa kwanza walikuwa wanasimama nyuma kwenye kikao cha asubuhi kabla ya zamu, wanatabasamu, na maagizo yote yanapita juu ya vichwa vyao. Kisha msimamizi anaandika kwenye tathmini: "hana juhudi ya kujifunza". Tukanunua ubao mweupe, maagizo ya siku yanaandikwa, na wasimamizi wakafundishwa alama za msingi za kazi: simamisha, moto, hatari, badilisha, njoo, vizuri. Kijana wa kwenye picha alipanda cheo kwa sababu ya ubao huo, pamoja na kichwa chake. Bila ubao angekuwa bado anapanga makreti.

Kijana mwingine mwenye ualbino alipangwa getini kuhesabu malori, juani kuanzia asubuhi. Aliyempanga hakuwa na nia mbaya, ratiba tu ilikuwa na pengo getini. Tulimhamishia ndani kwenye stoo, tukaongeza mafuta ya kuzuia jua na miwani kwenye orodha ya vifaa vya kazi, sawa na buti na kofia ngumu. Mafuta mazuri yanatengenezwa hapa hapa nchini, Kilisun ya KCMC Moshi. Yaombe kama kifaa cha kazi, sio kama msaada. Msaada bajeti ikibana unafutwa.

Nisiongelee ulemavu peke yake, ingawa unanigusa. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Hapa kwetu kulikuwa na chumba kabisa, kilitengenezwa kabla yangu: kiti cha kuegemea, sinki, friji ndogo, hata pazia la maua. Na kilikuwa hakitumiki. Kwenye ripoti wakaandika akina mama hawakihitaji. Nikawauliza wenyewe. Ufunguo ulikuwa kwa mlinzi wa getini, mwanamume, na ilibidi umwombe na usaini daftari lake, sababu ya kuchukua ufunguo, muda wa kutoka, muda wa kurudi. Tukaweka komeo la ndani, daftari likaondolewa, na ndani ya wiki chumba kikawa na foleni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo ukiona huduma haitumiki usikimbilie kuandika haihitajiki.

Zamu ya usiku nayo. Waliniambia wanawake hawaipendi. Walikuwa hawaipendi kwa sababu basi la kampuni liliwashusha barabara kuu saa sita za usiku na kuwaacha watembee hadi majumbani. Basi likaongezewa njia mbili za ndani, na majina ya wanawake yakaanza kuonekana kwenye zamu yenye nyongeza ya mshahara. Mwezi wa Ramadhani tulisogeza mapumziko ya zamu ya jioni yaangukie wakati wa futari, na Wasabato tukawapangia mabadilishano ya Jumamosi. Mambo madogo haya, kikao kimoja na wasimamizi.

Kabila halizungumzwi Tanzania, tunaona haya, lakini kaangalie idara moja moja. Nilikuta idara ambayo kuanzia mkuu hadi dereva wote ni wa wilaya moja, na wote waliingia kwa vimemo, vile vikaratasi vya wakubwa vya kumwombea mtu kazi. Wasomaji wangu wa Kenya wana Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, inayotaka taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Kwetu dawa niliyoiona inafanya kazi ni moja: kila nafasi itangazwe, jopo lichanganye idara, na alama za usaili ziandikwe kila mjumbe kwa mkono wake kabla hawajajadiliana. Kimemo kikija, kiweke ndani ya jalada la usaili pamoja na karatasi nyingine, kionekane. Vitapungua vyenyewe.

Na mishahara. Sheria ya 2004 inataka mwanamke na mwanamume walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Toa orodha ya mishahara, panga kwa kazi, usipange kwa majina, halafu usome taratibu. Mimi nilikuta wanawake waliolipwa chini ya vijana waliowafundisha kazi wao wenyewe. Sababu iliyoandikwa kwenye majalada ni kwamba "aliridhika na alichopewa". Aliridhika kwa sababu hakujua mwenzake anapata nini! Hili usilibebe peke yako, litakuvunja. Nenda kwa tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, au chama chochote cha wafanyakazi kilichopo kwenu, liingizeni kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, liwe na saini ya mwajiri. Mkurugenzi atabadilika, na wewe siku moja utahama. Kilicho ndani ya mkataba kitabaki.

Najua nimekuwa mkali. Nimechoka kuona kampuni zinasherehekea Siku ya Watu wenye Ulemavu kila Disemba 3 kwenye ukumbi wenye ngazi na usio na choo ninachoweza kuingia. Nimealikwa kuzungumza kwenye kumbi hizo, nimebebwa juu jukwaani na wahudumu wawili, na watu wakapiga makofi. Usimfanyie mtu hivyo. Kabla hujamwalika mgeni wako wa semina, tembea kutoka getini hadi kwenye kiti chake ukiwa na kigari cha magurudumu cha kuazima, kisha ingia chooni nacho.

Kwa hiyo fulana zisubiri. Jumatatu chukua matangazo matatu ya mwisho ya kampuni yenu na ukae na wakuu wa idara hizo kwa lile swali la sharti. Jioni yake baki mpaka zamu ya usiku iingie, uwaulize wanawake wanarudije nyumbani. Ukimaliza hayo mawili una kurasa za kwanza za mpango wako, na zina majina ya idara, sharti lililoondolewa, gharama na tarehe, vitu ambavyo mkurugenzi anaweza kuvitia saini. Ukifika kwenye mishahara niandikie kabla hujaipeleka kwenye kikao cha menejimenti, tuipitie pamoja kwanza.