Folda ya Pamoja Inapokataa Kufunguka: Maswali na Majibu

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinatoka Kisumu, Nakuru na Magharibi, na zote zinahusu seva, yaani kompyuta iliyotengwa nyumbani ili ihifadhi faili za jamaa wote, ambayo siku moja huamka ikiwa haifungui folda zake. Karibu kila mwandishi alikuwa amekwisha kushauriwa na mtu afungulie kila mtu kila kitu ili mambo yaende. Ninaupinga ushauri huo, na katika majibu yafuatayo nitaonyesha kwa nini hauhitajiki.

Ndugu fundi, nina Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Linux, iliyounganishwa na diski ya nje ya terabaiti 2 yenye picha za harusi za wateja wangu. Stima ilipotea Jumamosi usiku, ikarudi alfajiri. Folda ya picha inafunguka bila kulalamika, lakini ndani hamna hata faili moja. Je, picha zimefutika? (Mpiga picha, Kondele, Kisumu)

Ndugu yangu, kabla ya yote, usinakili chochote ndani ya folda hiyo hadi umalize kusoma jibu hili. Kuna uwezekano mkubwa kwamba picha zako zipo zote na kwamba unachokitazama si diski yako.

Katika Linux, mfumo unaoendesha kompyuta kama yako, diski ya nje hupachikwa juu ya folda ambayo tayari ipo kwenye kadi ya kumbukumbu, yaani folda hiyo hugeuzwa kuwa mlango wa diski. Diski ikiwa imepachikwa, ukifungua folda hiyo unaona yaliyomo kwenye diski. Isipopachikwa, unaona folda ya kadi yenyewe, ambayo haijawahi kuwekwa kitu. Stima inaporudi ghafla, kompyuta ndogo huwaka haraka, ilhali diski inachukua sekunde kadhaa kuanza kuzunguka, na huenda kompyuta ikaitafuta, ikaikosa, ikaendelea na shughuli zake. Hutokea pia kwamba diski iliyojulikana kama sda inaamka ikiitwa sdb, na maagizo uliyoandika kwa jina la kwanza hayaipati tena. Katika dirisha la amri andika `lsblk`. Ukiiona diski yako kwenye orodha lakini pembeni yake hakuna njia ya folda yoyote, umelipata tatizo, na amri ya `sudo mount -a` itairudisha mahali pake iwapo uliiorodhesha kwenye `/etc/fstab`, faili yenye orodha ya diski za kupachikwa.

Nimesisitiza usinakili kitu kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu. Nilikuwa nimeketi sebuleni kwa mteja mmoja mtaa wa Section 58, Nakuru, ambaye seva yake ilikuwa chini ya meza ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vile vilivyokuwa juu ya makochi, na ilikuwa moto hata mkono haukai juu yake. Kwa siku tatu alikuwa akiweka picha za mahafali ndani ya folda tupu, mpaka kadi ikajaa na seva ikaanza kusuasua. Nilipoipachika diski, picha za zamani zilirudi zote, na papo hapo zile za mahafali zikatoweka mbele ya macho yake. Hazikuwa zimefutika, zilibaki kwenye kadi, zimefunikwa na diski iliyopachikwa juu yake. Nilisimamisha huduma, nikaitenganisha diski, nikazihamishia picha hizo folda nyingine, kisha nikaipachika upya. Kitambaa tulikiondoa pia, maana diski inayopikwa hivyo haitadumu.

Ili usirudi hapo, fanya mambo mawili. Kwanza, katika `/etc/fstab` itambulishe diski kwa UUID, nambari yake ya pekee isiyobadilika inapowashwa upya, ambayo utaipata kwa amri ya `blkid`, badala ya jina kama sda1, na uongeze neno `nofail` ili kompyuta iendelee kuwaka hata diski ikichelewa. Pili, na hili ndilo ninaloliona muhimu zaidi, usishirikishe folda ambayo diski imepachikwa juu yake. Tengeneza folda nyingine ndani ya diski yenyewe, kwa mfano `/mnt/diski/picha`, na uishirikishe hiyo. Siku diski isipopachikwa, njia hiyo haitakuwepo kabisa, na seva itakataa kuifungua badala ya kukuonyesha utupu. Kukataliwa huko kutakusumbua dakika kumi, lakini kutakuzuia kuweka kazi ya mteja mahali pasipofaa.

Iwapo diski imepachikwa lakini inakubali kusomwa tu, na imeumbizwa kwa mfumo wa NTFS wa Windows, ichomoe kwa utaratibu, iunganishe na kompyuta ya Windows, na uikague kwa `chkdsk` pamoja na chaguo la `/f`. Linux inaponusa kwamba diski ya aina hiyo ilikatiwa stima katikati ya kazi, mara nyingi haikubali kuiandikia hadi ikaguliwe. Na kwa kuwa picha hizo ndizo riziki yako, nunua betri ya akiba ya kuiwezesha seva na ruta zihimili stima inapokatika, na uwe na nakala ya pili kwenye diski inayokaa imechomolewa.

Kipakatalishi changu kipya cha Windows 11 kinakataa kufungua folda zilizo kwenye kisanduku cha zamani cha kuhifadhia faili, ilhali kompyuta nzee za nyumbani zinakifungua vizuri. Nimeambiwa niwashe SMB1. Je, ni salama? (Mwalimu, Kakamega)

Mwalimu, si salama, na tafadhali usiiwashe. SMB ni lugha ambayo kompyuta huitumia kuombana faili, na SMB1 ni lahaja yake ya kale. Mwezi Mei mwaka 2017, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilipenya kupitia dosari iliyokuwa katika utekelezaji wa SMB1 ndani ya Windows, ikafunga faili za watu katika nchi nyingi kwa siku chache tu, zikiwemo hospitali za Uingereza. Toleo la Windows 10 lililotoka mwishoni mwa mwaka huo lilianza kuiondoa SMB1, na Samba, programu inayoiwezesha Linux kuzungumza na Windows, nayo iliizima kuanzia toleo la 4.11 la mwaka 2019. Kompyuta zako nzee zinakifungua kisanduku kwa sababu bado zinaongea lahaja hiyo.

Kwanza tazama katika mipangilio ya kisanduku kama kuna mahali pa kuchagua SMB2 au SMB3, kwani baadhi ya visanduku vinaiweza ila vilitoka kiwandani vikiwa havijaamriwa. Tazama pia kama folda zake hufunguka bila jina wala nywila. Windows 11 ya Pro, toleo la 24H2, hairuhusu tena kuingia kama mgeni asiyejitambulisha, kwa hiyo tengeneza akaunti yenye nywila kwenye kisanduku na uitumie. Kama hakijui lolote zaidi ya SMB1, umri wake umekwisha: hamisha faili zako kwa kutumia moja ya kompyuta nzee, kisha uigeuze kompyuta hiyohiyo kuwa seva kwa kuiwekea Linux na Samba. Samba haina malipo. Iliasisiwa na Andrew Tridgell nchini Australia tangu mwaka 1992, na ingali inaendelezwa hadi leo.

Windows inaniomba jina na nywila kila ninapofungua folda ya duka iliyo kwenye kompyuta ya nyumbani. Ninaandika nambari ileile ninayofungulia kompyuta hiyo, nayo inakataa. (Mwenye duka, Lanet, Nakuru)

Neno "nambari" katika barua yako ndilo lililonifungua macho. Tarakimu fupi unazobonyeza asubuhi ili kompyuta ifunguke ni PIN, na PIN ni ya mashine hiyo pekee, haivuki mtandao. Kinachotakiwa ni nywila ya akaunti yenyewe. Na kama akaunti hiyo haina nywila kabisa, Windows haitairuhusu iingie kupitia mtandao, hata ukiacha nafasi tupu kwa usahihi wote. Njia ninayoipendelea ni kutengeneza kwenye kompyuta ya nyumbani akaunti ya pekee ya duka, yenye nywila yake, na kuipa ruhusa ya folda ya duka tu.

Ukisharekebisha, huenda kipakatalishi kikaendelea kukataa kwa sababu kinakumbuka nywila ya zamani na kuituma kabla hujaulizwa. Fungua dirisha la amri, andika `cmdkey /list` uone kilichohifadhiwa, kisha ukifute kwa `cmdkey /delete:` ukifuatisha jina la seva. Ukikutana na kosa nambari 1219, maana yake umekwisha kuingia kwenye seva hiyo kwa jina jingine, na Windows haikubali mtu mmoja aingie seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. `Net use * /delete` itakata miunganisho yote uanze upya.

Wale ambao seva zao ni za Linux wasisahau kwamba Samba ina daftari lake la nywila. Kubadilisha nywila ya Linux hakubadilishi ya Samba. Hiyo hubadilishwa kwa `smbpasswd`, na mtumiaji mpya huongezwa kwa `smbpasswd -a`.

Jana seva ilionekana, leo ninapata kosa 0x80070035. Intaneti inafanya kazi vizuri. (Mwanafunzi, Bungoma)

Kosa hilo linasema kwamba kipakatalishi chako hakikuipata njia ya kufikia seva. Bado hamjafika kwenye nywila wala ruhusa, kwa hiyo usiziguse. Mara nyingi ruta imewashwa upya na kuipa seva anwani nyingine, kwa mfano 192.168.1.20 imekuwa 192.168.1.23. Ingia kwenye ruta, itafute seva kwenye orodha ya vifaa, na uiwekee akiba ya anwani ili ipewe ileile kila mara. Baadaye ifungue kwa anwani moja kwa moja, yaani `\\192.168.1.20`, badala ya kusubiri ijitokeze kwenye dirisha la mtandao, kwa sababu kutojitokeza pale si dalili kwamba haifunguki.

Anwani ikiwa sahihi na bado hupiti, andika katika PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, `Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445`. Hiyo 445 ni nambari ya mlango ambao SMB hupitia. Jibu la mwisho likiwa "True", njia iko wazi na tatizo liko mbele zaidi. Likiwa "False", hakikisha kwamba hujajiunga na waifai ya wageni, ambayo kwa kawaida huzuia vifaa visionane. Na kama seva ni ya Windows, hakikisha kwamba haikuuchukulia mtandao wa nyumbani kuwa wa umma, kwa maana hapo hujifungia.

Watoto wangu watatu wanaweka kazi zao za shule kwenye seva yetu ya Linux. Faili ya mmoja, mwingine anaisoma ila hawezi kuihifadhi akiirekebisha. Kijana mmoja aliniambia niandike chmod 777. Nifanye hivyo? (Mzazi, Vihiga)

Usifanye hivyo, mzazi. Amri hiyo inamruhusu yeyote mwenye akaunti kwenye mashine, pamoja na programu yoyote inayoendeshwa hapo, kubadilisha na kufuta kila faili. Na isitoshe, haitibu ugonjwa wenyewe, kwa sababu faili mpya ya kesho itazaliwa tena ikiwa mali ya mtoto mmoja.

Ruhusa hapa zina milango miwili, ule wa Samba na ule wa faili zenyewe ndani ya Linux, na lazima yote miwili ikubali. Tengeneza kundi liitwalo familia, uwaingize watoto wote, uikabidhi folda kundi hilo kwa `chgrp -R familia`, uzirekebishe faili za zamani kwa `chmod -R g+rwX`, kisha uipe folda yenyewe `chmod 2770`. Ile 2 ya mwanzo ndiyo dawa: inafanya kila faili mpya irithi kundi la folda badala ya kundi la aliyeiandika. Katika mipangilio ya Samba ya folda hiyo ongeza `force group = familia`, `create mask = 0660` na `directory mask = 2770`, uiwashe Samba upya, na umwombe mtoto mmoja aandike faili mbele yako, mwingine airekebishe.

Ningependa kufungua folda za nyumbani nikiwa zamu ya usiku. Je, nifungue mlango 445 kwenye ruta? (Muuguzi, Kisumu)

Hapana, dada. Mlango huo ukiwa wazi kwa dunia nzima, mashine zinazozunguka mtandaoni zikibisha hodi zitaufikia, na ndio uleule ambao WannaCry ilipitia. Weka programu ya WireGuard kwenye seva na kwenye simu yako. Hiyo hutengeneza njia ya siri ambayo ni wenye funguo tu wanaoipita, na ukiwa ndani yake utaifungua folda kana kwamba umeketi nyumbani. Kabla ya kuanza, tazama anwani ambayo ruta yako imepewa na mtoa huduma. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, umewekwa nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine na nyumba yako haiwezi kufikiwa kutoka nje. Itakubidi umwombe mtoa huduma anwani yako mwenyewe, au ukodi seva ndogo mtandaoni ambayo nyumba na simu vyote vitaiendea.