Gemu la zamani: lipa kuikwepa kasoro isiyofutika, inayofutika ombea punguzo

Msomaji mmoja aliyeko Muscat ameniandikia wiki hii. Ameona kaseti mbili za Pokémon Crystal ya Game Boy Color, mashine ya mkononi ya Nintendo, zinauzwa: moja lebo imechubuka kona, nyingine lebo safi lakini muuzaji anakiri kwamba haihifadhi tena mchezo. Ile safi bei yake imezidi kidogo. Anauliza kama hali ya gemu kweli ina uzito wanaoupa wakusanyaji, na achukue ipi.

Achukue yenye lebo safi, bila kusita. Na hali ina uzito mkubwa, ila kasoro hazilingani, na anayezichanganya ndiye anayeliwa pesa. Kuna kasoro unazoziondoa jioni moja kwa bisibisi na pamba, na kuna zile ambazo hata fundi bingwa hazirudishi nyuma. Lipa zaidi ili usizikute hizo za pili. Za kwanza zitumie kumwomba muuzaji apunguze.

Anayebisha kwamba hali ndiyo bei aitazame Super Mario 64 ya mwaka 1996. Si gemu adimu hata kidogo. Nakala zaidi ya milioni 10 ziliuzwa. Kaseti tupu, bila boksi, leo haifiki hata dola 100. Lakini Julai 2021, kampuni ya mnada ya Heritage Auctions ya Marekani iliuza nakala moja kwa dola milioni 1.56. Kilichonunuliwa pale ni karatasi ya nailoni ambayo haijawahi kufunguliwa na boksi la karatasi ambalo kona zake hazijabonyea: kampuni ya Wata, inayopima hali ya magemu, iliipa alama 9.8 kati ya 10 kwa boksi, na A++ kwa nailoni. Gemu lenyewe ni lile lile.

Uadimu wa kweli unaupindua mchezo huo. Kaseti za kijivu za shindano la Nintendo World Championships la mwaka 1990 ni 90 tu. Mwaka 2014 mojawapo iliwekwa mnadani eBay, lebo imechanika vibaya na mtu ameandika "Mario" kwa kalamu juu yake, na bado dau lilikaribia dola 100,000. Kwa hiyo kabla hujakagua chochote jiulize: nakala nyingine ya gemu hili nitaipata wiki ijayo? Kama jibu ni ndiyo, na kwa magemu mengi ndivyo, kuwa mkali kuhusu hali. Kama ni hapana, kubali makovu.

Sasa turudi kwenye Crystal, maana ndiyo kaseti inayofundisha zaidi. Chukua tochi ya simu, ilaze pembeni ya lebo ili mwanga upite juu yake kwa mshazari. Utaona tarakimu mbili zilizogandamizwa kwenye karatasi, mara nyingi zikifuatwa na herufi. Alama hiyo hupigwa kiwandani, na feki nyingi hazina. Mwanga huo huo utakuonyesha mikwaruzo, mapovu na kingo zilizoanza kunyanyuka, vitu ambavyo picha ya muuzaji iliyopigwa kutoka juu huvificha. Ganda la Crystal ni la bluu linalopenya mwanga, kwa hiyo betri ya mviringo inaonekana bila kufungua. Ukikuta hakuna betri, au mahali pa chipu kuna tone jeusi la gundi, hiyo ni feki. Usiinunue hata kwa bei ya soda.

Betri iliyokufa haipaswi kukutisha. Pokémon Gold, Silver na Crystal zinatumia CR2025 ya volti 3, na betri hiyo inabeba kumbukumbu ya mchezo pamoja na saa inayotembea usiku na mchana hata Game Boy ikiwa imezimwa. Ndiyo maana hufa mapema kuliko za kaseti zisizo na saa. Kuipima, anza mchezo, hifadhi, zima, toa kaseti, iache mpaka kesho yake, halafu washa. Ukikuta mchezo haupo, betri imekwisha.

Kubadilisha kunataka bisibisi maalumu ya milimita 3.8, ile ya kichwa chenye shimo. Hiyo hiyo inafungua kaseti za Game Boy za kawaida, NES, Super Nintendo na Nintendo 64. Za Game Boy Advance zinataka bisibisi ya mabawa matatu. Usilazimishe kwa kalamu iliyoyeyushwa ncha au bisibisi bapa, maana utaharibu kichwa cha skrubu na anayejua ataona mara moja. Nunua CR2025 yenye vibati vyake tayari, vilivyochomelewa kiwandani. Yeyusha risasi ya zamani kwa pasi ya kulehemu yenye joto la nyuzi 350 hivi, toa betri, angalia alama za chanya na hasi kwenye bodi, weka mpya. Usigusishe pasi kwenye betri yenyewe. Joto huiua na inaweza hata kupasuka. Na tafadhali usiishike kwa selotepu. Ikicheza kidogo tu, mchezo uliohifadhiwa unapotea. Kumbuka pia kwamba kutoa betri kunafuta kilichomo, basi mwulize mwenye kaseti kwanza. Ukija kuuza, sema kwamba umebadilisha. Wakusanyaji wengi wanalikubali hilo bila tatizo. Wasichokubali ni kufichwa.

Kaseti isiyowaka mara nyingi ni chafu tu. Acha kupuliza. Mate na unyevu wa pumzi huleta kutu kwenye meno ya kaseti, ile mistari ya chuma inayogusa mashine, na kinachosaidia ukipuliza ni kule kuitoa na kuirudisha. Loweka pamba ya masikio kwenye spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 kwenda juu, sugua kufuata urefu wa meno, rudia na pamba mpya mpaka itoke nyeupe, acha ikauke dakika chache. Msasa na kifutio kikali vinakwangua dhahabu nyembamba iliyopakwa juu, na dhahabu ikiisha, kutu haina kizuizi.

Lebo na boksi ndipo pasipo na msamaha. Stika ya bei juu ya boksi la karatasi ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye joto la chini, kisha ivute taratibu sana huku ukiilaza, si kuinyanyua wima. Ikikataa, iache. Boksi lenye stika lina thamani kuliko boksi lililonyofoka rangi. Asetoni isikaribie ganda, inayeyusha plastiki. Na wale wanaochapisha lebo mpya na kubandika juu ya zilizochanika wanaharibu kabisa: lebo iliyochanika ni historia ya kaseti, lebo ya kuchapishwa ni uongo, na inamfanya mnunuzi atilie shaka hata bodi iliyo halali ndani. Vivyo hivyo kuyaweupisha maganda yaliyogeuka njano kwa haidrojeni peroksaidi. Njano hurudi mara nyingi, na ukikosea unabaki na mabaka.

Kwa CD, watu hukagua upande usio wa hatari. Plastiki ya CD ina unene wa milimita 1.2, na data iko juu kabisa, chini ya lebo, imefunikwa kwa rangi nyembamba tu. Mkwaruzo wa chini unaweza kung'arishwa kwa mashine mara chache, kwa sababu kila king'arisho kinapunguza plastiki kidogo. Mkwaruzo uliopenya upande wa lebo umeondoka na data. Inyanyue CD kuelekea taa: ukiona vitundu vya mwanga, achana nayo. Hii inahusu PlayStation ya kwanza yote, na zile CD za PlayStation 2 zenye mgongo wa bluu. DVD za PlayStation 2 zina data katikati ya tabaka mbili, kwa hiyo upande wa lebo ni imara zaidi. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. CD za kuchoma, tulizozizoea kwenye mashine zilizochipiwa (zilizowekewa chipu ili zisome nakala), hazina thamani ya mkusanyaji hata ziking'aa namna gani.

Anayeishi Mombasa, Dar, Unguja au Muscat ana adui wa ziada: unyevu wa bahari. Boksi la karatasi linataka unyevu wa asilimia 40 hadi 50, na pwani hewa mara nyingi huzidi hapo. Weka kila boksi kwenye kifuniko cha plastiki ya PET, si PVC, maana PVC hutoa mafuta yanayonata kwenye rangi. Yasimamishe kama vitabu, usiyapange moja juu ya jingine. Ya chini hubonyea. Halafu yaingize kwenye kontena lenye mfuniko unaobana, mbali na dirisha, pamoja na pakiti za silika zenye chembe zinazobadilika rangi. Chembe za rangi ya chungwa zikigeuka kijani zimeshiba maji. Zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120, saa moja au mbili, ziache zipoe, uzirudishe.