Usiondoke Dirishani Bila Karatasi

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa dada mmoja ambaye husoma maandishi yangu. Barua yake ya kuitwa chuo imemfikia siku tisa baada ya mwisho wa kuripoti, na nafasi yake ameshapewa mtu mwingine. Alimalizia hivi: "Kaka, nimlaumu nani?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, nikakosa wa kunijibu.

Nitamjibu, ila lazima nianze na yangu.

Mwaka 2009 niliomba ufadhili wa masomo wa serikali. Matokeo yangu yalikuwa mazuri, na nasema bila kuona haya kwamba nilistahili. Nyumbani tulitumia sanduku la posta la mjomba, na ufunguo wake niliuvaa shingoni kwa uzi ili nisiupoteze. Kila baada ya siku mbili tatu nilikuwa posta. Nafungua, nachungulia, nafunga, narudi. Machi yote ilikwenda hivyo.

Tarehe 2 Aprili nikakuta kikaratasi kimelala chini ya sanduku: nina barua ya rejista, nifike dirishani na kitambulisho. Juu yake karani alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, "Taarifa ya Pili". Hiyo ya kwanza sijaiona mpaka leo.

Nikasaini daftari, nikapewa bahasha ya kaki, nikaifungua palepale nikiwa nimeegemea ukuta. Usaili wangu ulikuwa saa mbili asubuhi, tarehe 20 Machi, nije na vyeti halisi. Niliisoma mara tatu nikidhani nimekosea mwezi. Kisha nikaigeuza bahasha. Mbele ilikuwa na muhuri wa kule ilikotumwa, 3 Machi. Nyuma ilikuwa na muhuri wa posta ileile niliyosimama ndani yake, 11 Machi. Ilisafiri siku nane tu, halafu ikalala siku ishirini na mbili nyuma ya dirisha nililokuwa nalipita kila nilipokuja kufungua sanduku. Wangenipa taarifa siku ilipoingia, ningekuwa na siku tisa za kujiandaa.

Nilimwonyesha karani ile mihuri miwili. Akaniambia, "Si imefika? Ungekuja mapema."

Nikaondoka. Hilo ndilo kosa langu, na ndilo lililonisukuma kuandika leo. Niliondoka kwa aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Kile kikaratasi cha taarifa nilikiacha dirishani, maana ndio utaratibu: unakitoa, unapewa barua. Sikukipiga picha. Sikuomba mtu yeyote aniandikie chochote. Nilikwenda kulala, na nadhani nililala wiki nzima.

Mwezi Mei mjomba alinishika mkono tukaenda kulalamika. Ofisi ya ufadhili ikasema wao walituma kwa wakati, twende posta. Posta wakasema barua wameshanifikishia, saini yangu ipo daftarini, twende kwa waliopanga usaili kwa haraka namna ile. Tulizunguka hivyo mpaka Julai. Mwishoni nilipata barua ya mistari minne: wanasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Uliojitokeza! Kama vile usumbufu huota wenyewe, hauna aliyeupanda.

Nililoliona kwa uchungu ni hili. Serikali ndiyo iliyoandika ile barua, serikali ndiyo iliyoibeba, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyofunga mlango tarehe 20. Mikono yote mitatu ni ya mwili mmoja, lakini aliyelipa ni kijana wa miaka kumi na tisa.

Nimesoma sana juu ya jambo hili tangu wakati ule, na nimegundua kwamba kinga hii ya posta, yaani kutowajibika barua ikikwama au ikipotea, ni ya zamani mno. Mwaka 1701 huko London kulikuwa na kesi ya Lane dhidi ya Cotton. Mtu alituma hati za fedha kwa barua, barua ikafunguliwa ndani ya ofisi ya posta, hati zikachukuliwa. Majaji walio wengi walisema wakuu wa posta hawawajibiki. Jaji Mkuu Holt peke yake ndiye aliyekataa. Tangu hapo mataifa mengi yameandika kinga hiyo kwenye sheria zao. Sheria ya posta ya India ya mwaka 1898 ilitamka wazi kwamba serikali haiwajibiki kwa barua kupotea, kupelekwa kwa asiyehusika, kuchelewa au kuharibika. Marekani mwaka 1946 ilikubali kushitakiwa kwa uzembe wa watumishi wake, lakini madai ya barua zilizopotea au kubebwa kizembe ikayaweka nje. Hata kanuni za posta za kimataifa ziko hivyo: barua ya rejista ikipotea, ikiibwa au ikiharibika kuna fidia, ikichelewa tu, hakuna. Laiti barua yangu ingepotea kabisa, ningekuwa na dai. Kwa kuwa ilifika, hata kama ilifika ikiwa haina kazi tena, nikaonekana nimehudumiwa.

Sasa upande wa pili wa hadithi, na huu nausimulia kwa fahari. Mwaka 2012 niliomba shahada ya uzamili nje ya nchi. Chuo kilitaka nakala za matokeo zitumwe kwa posta, katika bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri. Nilituma kwa rejista wiki sita kabla ya siku ya mwisho, na safari hii nilikuwa mtu mwingine. Stakabadhi niliipiga picha kabla sijatoka mlangoni. Namba ya ufuatiliaji niliiandika sehemu tatu: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka barua. Wiki ya nne kimya. Wiki ya tano kimya. Nikarudi posta, nikajaza fomu ya kuulizia barua, nikaomba kuonana na meneja.

Sikumgombeza. Nilimwambia, "Mzee, siombi fidia. Naomba barua yenye muhuri wenu inayosema mlipokea bahasha hii tarehe hii na mpaka leo haijafika." Alisita. Akaniambia nirudi kesho. Nikarudi kesho. Akaniambia mhusika hayupo. Nikakaa kwenye benchi mpaka saa tisa alasiri, mhusika akapatikana. Barua ilikuwa ya aya moja tu. Niliituma chuoni kwa baruapepe pamoja na picha ya stakabadhi, nao wakakubali kuhesabu tarehe niliyotuma. Bahasha yenyewe ilifika siku kumi na moja baada ya siku ya mwisho. Nilisoma, nikamaliza, na shahada hiyo ndiyo inayonilisha leo.

Kwa hiyo ushauri wangu, dada yangu na wengine mnaosubiri barua, ni kuomba karatasi. Kikaratasi cha taarifa kipige picha kabla hujakitoa. Bahasha usiitupe, geuza, soma mihuri ya mbele na ya nyuma, kwa sababu pale ndipo panapoonyesha barua ililala wapi. Malalamiko ya mdomo hayapo, mtu huyasahau kabla hujafika barabarani. Andika, peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea urudi nayo nyumbani. Kama barua ilitoka au ilikwenda nchi nyingine, fomu ya kuulizia ijazwe ndani ya miezi sita tangu siku ilipotumwa, na mara nyingi anayetakiwa kuijaza ni aliyeituma, basi mwandikie mapema. Na uwahi chuo au ofisi iliyokuita siku ileile, usisubiri posta ikujibu kwanza. Ombi la kuongezewa muda likiwa na ushahidi hupata mtu wa kulisoma. Lisilo na ushahidi ni hadithi kama hadithi nyingine.

Lakini nakataa kuwaambia vijana kwamba kazi yote hii ni yao. Mtoto wa miaka kumi na tisa hapaswi kuwa mpelelezi wa mihuri ili asome. Wanaotuongoza wanajua kupima. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, una mfumo ambapo barua za majaribio huwekewa vifaa vidogo vya redio, zikasomwa na antena zinapopita kwenye vituo vya posta, na ikajulikana zimetumia siku ngapi. Kama barua ya majaribio inaweza kufuatwa hivyo, barua ya mwanafunzi nayo inaweza. Tangazeni barua inapaswa kufika kwa siku ngapi, kisha tangazeni mlishindwa mara ngapi na katika posta ipi. Ofisi inayotoa nafasi za masomo ihesabu tarehe ya muhuri wa kutuma, isihesabu siku bahasha ilipotua mezani kwake. Na isimwite mtu kwa barua pekee huku namba yake ya simu imo kwenye fomu aliyoijaza kwa mkono wake! Namba yangu ilikuwemo mwaka 2009. Niliiandika kwa herufi kubwa, nikaikagua mara mbili. Hakuna aliyepiga.

Mbona ada za maombi zikichelewa siku moja tunakataliwa? Huko hakuna usumbufu uliojitokeza, kuna mwombaji mzembe. Tarehe inayomfunga mwananchi na iifunge ofisi pia, kwa adhabu inayoumiza ofisi, na kwa jina la afisa aliyekalia barua. Watumishi wengi wa posta ni watu wema wanaofanya kazi katika vyumba vyenye mafaili mpaka darini, nami sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wakubwa wanaojua dirisha lina karani mmoja na barua za mwezi mzima, kisha wanasaini barua za kusikitika.

Jana jioni dada yule aliniandikia tena. Amekwenda posta, ameonana na meneja, ameambiwa arudi Alhamisi. Muhuri wa nyuma ya bahasha yake unaonyesha barua iliingia siku kumi na nne kabla hajapewa, yaani siku tano kabla ya mwisho wa kuripoti. Nimemwambia asisubiri Alhamisi. Leo hii apige picha mihuri yote miwili, aitume chuoni pamoja na ombi la kuahirisha udahili mpaka mwaka ujao, na Alhamisi aende na nakala mbili za malalamiko yake, akae kwenye benchi mpaka moja igongwe muhuri.