Papai Lililoota Ukungu: Tukate Sehemu Mbovu au Tulitupe Lote?

SWALI: Ndugu Mhariri, papai langu lililokaa mezani siku kadhaa limelainika sana, upande mmoja umebonyea, na karibu na kikonyo pana ukungu mweupe usiozidi ukubwa wa ukucha. Je, nikiikata sehemu hiyo naweza kula iliyobaki? Mbona ndizi zenye ganda jeusi tunazila bila kudhurika?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na ndizi. Ganda lake huwa jeusi kwa kuiva sana au kwa baridi ya jokofu, ilhali ndani wanga umegeuka sukari. Ukiimenya ukaikuta laini, haitoi maji wala haina harufu ya kuchacha, unaweza kuila. Parachichi lililokatwa nalo hugeuka kahawia kwa sababu hewa imekutana na vimeng'enya vyake, si kwa kuoza. Ndiyo maana rangi peke yake huwa tunaitilia shaka.

Papai lako ni habari nyingine. Huo ukungu unaouona juu ni sehemu ndogo tu, kwani chini yake kuna nyuzi nyembamba zinazopenya kwa urahisi katika tunda laini lenye maji mengi, na jicho haliwezi kuona zimeishia wapi. Aidha, baadhi ya kuvu hutoa sumu. Mojawapo ni patulini, ambayo hupatikana zaidi katika matofaa yaliyooza na haitoweki yote hata ikichemshwa. Ule ushauri wa kukata sentimita 2.5 kuzunguka doa na chini yake unahusu vyakula vigumu, kama karoti na kabichi. Litupe, ingawa najua inauma, na usilisogeze puani kulinusa, maana chembe za ukungu huvutwa pamoja na hewa.

Lingekuwa limebonyea tu, bila ukungu, ningekujibu vingine: ondoa palipopondeka, kisha unuse panapobaki. Harufu ya pombe au siki, mapovu madogo yanayotoka ukibonyeza, au utelezi kwenye kisu ni dalili kwamba limeanza kuchacha.

Tunda zima lililo salama likishakatwa, lisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2, na kabla ya kulikata lioshe ganda kwa maji yanayotiririka, hata kama ganda lenyewe huli, kwa sababu kisu hubeba vijidudu vya nje na kuvipeleka ndani.