Shangazi, rangi ya kanga ni nzuri, jina ndilo linanitia shaka

Swali: Shikamoo Shangazi. Shoga yangu anatimiza miaka 40 mwezi ujao. Tumecheza rede pamoja, tumelea pamoja, na baba yangu alipofariki ndiye aliyelala nasi mkekani mpaka siku ya arobaini. Nataka kumpa zawadi ya maana, nimekwama. Vyombo anavyo, mashuka anayo, manukato yanamletea mafua. Nina shilingi 30,000. Dukani nimeona doti ya kanga ya zambarau, rangi anayoipenda, lakini imeandikwa "Hasidi hana sababu". Muuzaji kaniambia siku hizi watu hawasomi, wanaangalia rangi tu. Ni kweli? Au nimrushie hizo hela kwenye simu?
*Mama Wawili, Tanga*

Jibu: Marahaba mwanangu. Watu wanasoma, tena wanasoma sana. Shoga yako akijitanda kanga hiyo akaenda shughulini, wifi zake watasoma, majirani watasoma, na kila mmoja atatafuta hasidi ni nani. Yeye mwenyewe naye atakaa ajiulize umesikia nani akimsema. Siku yake ya furaha utakuwa umempelekea wasiwasi. Iache hiyo zambarau dukani.

Lakini kanga yenyewe usiiache. Sisi wa pwani tumekua tukiona wanawake wakirushiana maneno kwa kanga wiki nzima bila mtu kufungua mdomo. Basi kanga hiyohiyo inaweza kubeba shukrani ambayo ukijaribu kumwambia ana kwa ana utalia kabla hujaimaliza. Na wewe una shukrani kubwa, nimeiona kwenye barua yako. Uliandika habari ya mkeka na arobaini kabla ya kutaja vyombo na mashuka. Hapo ndipo pa kutafutia jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Tafuta "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki", au "Wema hauozi". Akisoma tu, atajua unazungumzia siku zipi.

Ukifika sokoni usianze na rangi. Mwambie muuzaji unataka jina la wema au la urafiki. Anayeijua biashara yake atakushushia kadhaa. Fungua kanga yote usome, maana ikikunjwa unaona pindo la pembeni na mji, ile sehemu ya katikati, jina linajificha. Kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, mwachie bibi arusi. Na ukiwa na ndugu anayevuka Horohoro kwenda Mombasa, mtume Mtaa wa Biashara. Huko kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, wenye kanga zile za chapa ya "Mali ya Abdulla". Mtumie jina kwa maandishi, asije akachagua kwa macho yake.

Hela kwa mwenye shida ni zawadi kubwa, wala siidharau. Ila hujaniambia ana shida, na hela ya kwenye simu jioni imeshakuwa unga na umeme.

Jambo moja nalisisitiza: usimpelekee doti mbichi kama ilivyotoka dukani. Ipeleke kwa fundi aikate na kuipinda. Kisha iloweke peke yake kwenye maji baridi, isije ikachuja rangi kwenye nguo zake nyingine, uianue, uipige pasi. Hapo atakuwa amepokea kitu cha kuvaa siku hiyohiyo, na mkono wako umo ndani yake. Mpe vipande vyote viwili. Akikurudishia kimoja ili mvae sare, pokea, usibishe. Wengi wetu huku ndivyo tunavyofanya na mashoga zetu.

Anza kutafuta wiki hii. Majina mazuri huisha upesi, na fundi naye ana foleni yake.